Penalti Iliyomezwa na Tangazo

Mulumba alikuwa ameshauweka mpira kwenye alama. Aicha Musafiri alikuwa amesimama juu ya matofali pembeni mwa uwanja wa Dilala, simu karibu na mdomo, akitangaza kwa ile sauti ambayo jirani zake husema ingeweza kumwamsha mtu aliyelala Likasi.

"Mulumba anarudi nyuma! Anaangalia kipa, kipa anamuangalia! Batu ba Mutoshi, mushike makofia yenu! Refa anapuliza..."

Simu ikaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa mchezo fulani wa kupasua matunda, vinanda na kengele, kwa sauti ya juu kabisa. Aicha akaitoa mdomoni na kuitazama. Kioo kilikuwa chekundu kama nyanya, na maandishi ya Kifaransa yalimpigia kelele kwamba simu yake imeambukizwa virusi, abonyeze hapa upesi kabla haijaharibika. Akatafuta alama ya kufunga. Aliiona pembeni, ndogo kama chenga ya mchele. Akaibonyeza; ikafungua tangazo jingine. Akabonyeza tena, na matangazo yake ya mpira yakakatika.

Alipoinua macho, wavu ulikuwa unatikisika, vijana wa FC Malakiti walikuwa wanagaragara vumbini kwa furaha, na yeye, mtangazaji, hakujua hata kama Mulumba alipiga kulia au kushoto.

Hilo lilimchoma kuliko kitu kingine. Mchana Aicha alikuwa muuza vitenge katika duka la baba yake, mzee Musafiri, ambaye ukoo wake ulitoka Kasongo ukifuata biashara mpaka ukafika mji huu wa shaba. Lakini siku ya mpira alikuwa mtu mwingine. Mambo yalianza siku ambayo mwenye kipaza sauti pale uwanjani alishindwa kuja kwa homa. Aicha alikuwa anapita na furushi la vitenge vya mteja. Akaona mchezo mtamu unachezwa kimyakimya kama msiba, akashindwa kuvumilia. Akaweka furushi chini, akashika kipaza sauti, na tangu hapo hakuna aliyekidai tena.

Baadaye rafiki yake Philippe, aliyekuwa akiwahoji wachezaji, alianzisha kundi la WhatsApp lililoitwa Sauti ya Uwanja, ili Aicha asikike moja kwa moja na watu wasioweza kufika. Walikuwa wengi: wachimbaji wa Mutoshi waliopokezana kisikizi kimoja mashimoni, madereva wa malori barabarani, hata mwalimu Ezéchiel kule Musumba, ambaye kila siku ya mechi hupanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

Na wote hao sasa walikuwa wanamwandikia. Mchimbaji mmoja alituma sauti iliyojaa upepo: "Dada Aicha, uliacha mpira yetu mu hewa. Mpaka sasa haiyashuka!" Mwingine akasema Aicha amekula penalti peke yake kama nyama ya sikukuu. Mwalimu Ezéchiel aliandika kwa upole kwamba alikuwa ameteremka kwenye kichuguu bila kujua nani ameshinda, na kwamba siafu walimfaidi.

Kwa penalti ile FC Malakiti, timu ya wachimbaji, walikuwa wameshinda nusu fainali na kufika fainali. Fainali yenyewe ilikuwa Jumapili, dhidi ya Nyota ya Dilala, wenye uwanja. Tangu timu hizo ziundwe, hazijawahi kukutana kwenye mchezo mkubwa namna hiyo. Mji mzima ulikuwa unachemka. Waendesha pikipiki walikuwa wamefunga vitambaa vya rangi kwenye vioo vya pembeni, na dukani watu waliulizia kitenge cha kijani kwa ajili ya Malakiti au cha manjano kwa ajili ya Nyota, ilimradi tu kiwe na rangi ya upande wao.

"Lazima nitangaze," Aicha alimwambia Philippe. "Hata kama nitapiga kelele mpaka Mutoshi bila simu."

"Simu yako iko na virusi," Philippe akasema. "Unaona? Yenyewe inakwambia. Weka antivirusi. Mi nitakutumia ya muzuri, batu bote banaitumia."

Akamtumia faili kwenye WhatsApp. Aicha akaiweka. Kioo kikatoa mduara wa kijani unaozunguka, kikasema kimekuta maambukizi mengi, kikasema kimeyasafisha, kisha kikaomba ruhusa ya kusoma ujumbe wake, majina ya watu wake na kujionyesha juu ya programu nyingine. Aicha akakubali kila kitu. Mtu anayezama hachagui gogo. Jioni, binamu yake akamwambia hiyo haifai, akampa nyingine. Asubuhi, mteja wa vitenge akamshauri ya tatu. Kufikia adhuhuri simu ilikuwa ya moto kama pasi ya makaa, betri ilikuwa inayeyuka, na matangazo yalikuwa yameongezeka badala ya kupungua. Kila antivirusi ilikuwa inamlilia kwamba ile nyingine ndiyo mbaya.

Akaenda kwa Naomie.

Naomie alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, na sasa alifanya kazi kwenye maabara ya kituo kidogo cha afya, akipima damu. Hakuwa mjuzi wa simu. Lakini alipoisikiliza habari yote, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Aicha, weye uko sawa na bagonjwa yangu! Mutu anasikia joto, anameza dawa ya malaria. Haiponi, anameza ingine. Kisha ya tatu, ya jirani. Njo anakuja kwangu anatetemeka, anasema 'Naomie, pima.' Nipime nini sasa, ugonjwa ao dawa?"

"Basi pima hii," Aicha akasema, akimwekea simu mkononi.

"Mbele tupime. Dawa itafuata."

Wakaketi ukumbini, simu ya Naomie wakiitumia kusoma na ya Aicha ikiwa mgonjwa. Wakasoma kwamba simu inaweza kuwashwa katika hali ambayo programu zote ulizoweka mwenyewe zinalala, zinabaki zile za kiwandani tu. Aicha akashikilia kitufe kwa nguvu kama anayebana jeraha. Simu ikazimika, ikawaka, na chini pembeni yakatokea maneno ya Kifaransa: *mode sans échec*, hali ya usalama.

Wakangoja. Hakuna tangazo. Aicha akafungua picha, akafunga. Akaandika ujumbe. Akaiweka mezani, wakaitazama wote wawili kama paka wanaotazama shimo la panya. Kimya.

"Haikuimba!" Aicha akaruka. "Naomie, haikuimba!"

"Donc simu yenyewe ni muzima," Naomie akasema, naye macho yakimng'aa. "Mwizi ni mumoja ya bale uliingiza weye mwenyewe mu nyumba. Tubatoe mumoja mumoja."

Wakaanza na wageni wa mwisho. Ile antivirusi ya mteja, nje. Ya binamu, nje. Ya Philippe, nje. Wakaiwasha simu kama kawaida. Joto likashuka, na Aicha akaanza kushangilia, lakini kabla hajamaliza, kioo kikawa chekundu na vinanda vya matunda vikaanza upya.

"Aa, mujinga huyu!" akapiga kelele. "Yuko wapi?"

Wakaenda kwenye orodha ya ruhusa, mahali panapoonyesha ni programu zipi zinaweza kujitokeza juu ya nyingine. WhatsApp ilikuwepo, sawa. Na chini yake palikuwa na kitu cha ajabu: nafasi tupu. Hakikuwa na picha wala jina, mstari mweupe tu, na ruhusa imewashwa.

Aicha akaisogeza simu karibu na macho. Akakumbuka. Kabla ya nusu fainali alibonyeza kiungo kilichoahidi mechi zote za Ulaya bure, moja kwa moja. Programu ilijiweka, ikakataa kufunguka, na picha yake ikatoweka. Yeye akadhani imejifuta yenyewe.

"Haikujifuta," Naomie akasema polepole. "Ilijificha."

Wakabonyeza kuiondoa. Simu ikakataa. Wakabonyeza tena, kile kitufe kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Naomie akasoma, akapekua, akasoma tena, mpaka akapata: kuna programu zinazojipa cheo cha msimamizi wa simu, na mwenye cheo hafukuzwi mpaka avuliwe. Wakaingia kwenye sehemu ya usalama, wakamkuta amekaa pale, mweupe asiye na jina, bosi wa simu ya watu. Aicha akamvua cheo kwa kidole gumba. Kisha akarudi kwenye kitufe cha kuondoa, nacho sasa kilikuwa kinang'aa.

"Kwenda!" akasema, akabonyeza.

Kikatoweka. Wakangoja tena mpaka chai ikapoa. Hakuna wimbo. Wakaliambia duka la programu lipime simu nzima kwa ule ulinzi wake wa ndani, Play Protect, ambao Aicha hakujua kuwa alikuwa nao siku zote; aliuzima mwenyewe bila kuelewa ili ile programu ya mechi ikubali kuingia, na sasa wakauwasha. Likajibu kwamba hakuna kibaya. Aicha akamkumbatia Naomie, akambeba, wakazunguka ukumbini hadi kiti kikaanguka. Halafu, kwa kuwa Naomie alimlazimisha, akabadilisha maneno yote ya siri, akianza na ya pesa za simu.

"Sasa," Aicha akauliza akihema, "niweke antivirusi ya kweli?"

Naomie akafikiri. "Simu yako ni ya karibuni, bado inapokea mise à jour, marekebisho ya kampuni. Iko na sentinele, mulinzi wake, tayari. Ukichukua bitu mu duka tu, na ukiacha kubonyeza kila link, mi naona haina lazima. Lakini kuna mutu mumoja..."

Wakatazamana, na wote wakasema kwa pamoja: "Baba mudogo Djafari!"

Djafari, mdogo wake mzee Musafiri, alikuwa na malori mawili yaliyokwenda Lubumbashi na kurudi. Wateja walimtumia pesa kwa simu, naye alipanga safari zake zote kwa simu hiyohiyo, ya zamani, ambayo kampuni iliyoitengeneza ilikwisha kuisahau. Na Djafari alikuwa na mkono mwepesi. Kitu kikiwaka kwenye kioo, anabonyeza. Akiambiwa ameshinda gari, anabonyeza. Juzi tu aliambiwa mzigo wake umekwama mpakani, akabonyeza, ingawa hakuwa na mzigo wowote mpakani.

Walimkuta kwenye maegesho yake, anakagua matairi. Aicha akamweleza mambo yote kwa pumzi moja, na mzee akasisimka kuliko wao.

"Mukuye hapa, mukae," akasema, akageuza ndoo mbili ziwe viti. "Munichagulie sentinele. Mi niko tayari!"

Wakaingia kwenye duka la programu wakaandika neno antivirusi, na kioo kikajaa ngao: za kijani, za bluu, zenye simba, zenye radi. Zote zilidai kuwa za kwanza duniani. Djafari akanyoosha kidole kwenye ile ya simba. Aicha akamshika mkono hewani.

"Polepole, baba mudogo. Hatuchague kwa sura. Tuone kwanza nani ameitengeneza."

Ya simba ilikuwa imetengenezwa na mtu asiye na anwani wala ukurasa, na kazi yake nyingine ilikuwa mchezo wa kupasua matunda. Aicha akashtuka kama aliyekanyaga moto. Nyingine ilitengenezwa na kampuni halisi, lakini wenye kuitumia walilalamika kwamba inatisha watu kila saa ili walipe. Naomie alikuwa anasoma maoni mabaya kabla ya mazuri. Alisema mgonjwa aliyepona hutoa sifa tu, aliyeumia ndiye anaeleza. Nyingine tena ilitaka kusoma ujumbe wote na kuona majina ya watu wote.

Djafari akakunja uso. "Sentinele anaomba ufunguo ya chumba ya kulala? Juu ya nini?"

"Njo hivyo, baba mudogo!" Aicha akapiga makofi. "Umeelewa kuliko mi."

"Basi tuweke mbili zisaidiane."

"Sentinele babili ku mulango mumoja," Naomie akasema, "bataanza kupigana benyewe kwa benyewe, mwizi atapita katikati."

Mwishowe wakabaki na chache. Wakatafuta matokeo ya zile maabara zinazojaribu antivirusi kwa kuzirushia virusi vya kweli na kutangaza nani amekamata vingapi na nani ameichosha simu. Naomie alipenda hapo hasa. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, ila bila damu. Wakachagua moja iliyofaulu mara nyingi, nyepesi kwa simu ya zamani, ya bure bila makelele, na yenye kukagua viungo vya ujumbe. Wakaichukua dukani humohumo. Naomie akamwambia mzee wazi kwamba simu iliyosahaulika haiponi kwa ngao peke yake, na siku akinunua nyingine itakuwa heri zaidi.

Djafari akafungua ule ujumbe wa mzigo uliokwama. Akabonyeza kiungo, kwa makusudi safari hii, kabla hawajamzuia. Simu ikatetemeka na kuandika kwamba ukurasa ule ni mtego, imeufunga.

"Imemukamata!" Djafari akaruka kutoka kwenye ndoo. "Musafiri! Kuya uone! Imemukamata!" Kaka yake alikuwa dukani, mbali kabisa. Mzee akaanza kutafuta ujumbe mwingine wa kitapeli ili aone tena ngao ikifanya kazi, na ikabidi Aicha amnyang'anye simu.

Siku iliyofuata Aicha alituma sauti kwenye kundi. Aliwasimulia yote, kuanzia matunda hadi mweupe asiye na jina, akawaambia faili za antivirusi zinazozunguka kwenye makundi wasiziguse, hata zikitumwa na mtu mzuri. Philippe akajibu kwa kicheko cha aibu: naye amemkuta mweupe huyo kwenye simu yake. Mama Micheline, muuza unga, akauliza habari ya iPhone ya binti yake. Aicha akajibu alichosoma, kwamba kule programu moja haiwezi kuingia ndani ya nyingine kuzipekua, hivyo antivirusi haina cha kupekua; yeye asasishe simu tu na awe macho na viungo. Maswali yakamiminika hadi Aicha akawaambia, "Sasa tosha! Jumapili ni mpira!"

Jumapili ikafika, na uwanja wa Dilala ukajaa mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Vumbi jekundu lilipanda, tarumbeta zilikoroma, pikipiki zilipiga honi nje. Aicha akapanda juu ya matofali yake, akafungua matangazo yake. Salamu zikaanza kushuka kutoka Mutoshi, kutoka barabarani, na kutoka kwenye kichuguu kule Musumba.

Nyota walifunga kwanza. Malakiti wakasawazisha. Aicha alitangaza yote mawili kwa sauti moja, ingawa watu wa Nyota walimshutumu baadaye kwamba la pili alilivuta zaidi.

Wakati wa mapumziko Philippe alikuja mbio, uso umempauka. Alikuwa ameazima simu ya Aicha atafute matokeo ya mji mwingine, na sasa kioo kilikuwa chekundu, kinatetemeka, kinasema virusi, virusi, bonyeza hapa.

"Imerudi!" akalia. "Aicha, imerudi, tumekufa!"

Aicha akaichukua simu, akaisoma kwanza. Juu ya kile chekundu palikuwa na anwani ya ukurasa wa mtandao.

"Hii ni ukurasa tu, Philippe. Ukurasa haiwezi kupima simu. Ni sawa na mutu anapita inje ya nyumba yako anapiga kelele 'nyumba inaungua!' ili ufungue mulango." Akafunga ukurasa. Wekundu ukaisha. Philippe akakaa chini kando ya matofali, akajipangusa jasho kwa bendera ya Nyota.

Kipindi cha pili kikaisha bila bao, kikaja cha nyongeza. Wachezaji walikuwa wamechoka, wanatembea zaidi ya kukimbia. Hapo Kalonji wa Malakiti, kijana mwembamba ambaye katikati ya wiki hubeba mgongoni magunia ya mawe ya kijani, malakiti yenyewe, aliupata mpira mbali na goli.

"Kalonji! Anaangalia... hakuna mutu wa kumupa... Kalonji, unafanya nini? Iko mbali, papa, iko mbali sana! Anapiga! Mguu ya kushoto! Inapanda, inapanda, inashuka... Aaaaah! Batu ba Mutoshi! Imeingia! Mushuke ku mashimo, hapana, mutoke! Mutoke bote! Imeingia ku kona kabisa, kipa amebaki anaomba Mungu! Mwalimu Ezéchiel, usianguke ku kichuguu! Kalonjiiiii!"

Hakuna kilichoimba, hakuna kilichokatika. Neno lake la mwisho lilisafiri lote, mpaka pumzi ilipoisha, na kabla hajavuta nyingine kundi likalipuka kwa sauti za watu wanaolia, wanaopiga sufuria, wanaogonga sepetu kwa sepetu. Malori matatu njiani yalipiga honi kwa pamoja. Moja, walikuja kujua baadaye, lilikuwa la Djafari. Refa alipopuliza kipenga cha mwisho, Aicha alitaka kutangaza ushindi na akakuta hana sauti tena. Philippe akamalizia, na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu wote walikuwa wanaimba.

Asubuhi yake alikuwa nyuma ya meza ya duka, shingo imefungwa kitambaa, anakunywa maji ya tangawizi. Mama yake, mama Asia, ndiye aliyekuwa anauza. Mteja mmoja akaingia, mama mtu mzima, akachagua kitenge cha kijani, akapimiwa, akafungiwa. Lakini hakuondoka.

"Mwanangu," akamwambia Aicha, "jana nilikuwa nalala, mguu inaniuma. Simu ya mutoto wangu ilizimika mbele ya bao. Niambie, Kalonji alipiga namna gani?"

Aicha akafungua mdomo, kikatoka kikoromo. Mama Asia akacheka. Basi Aicha akachukua vifungo vya nguo kwenye kopo, akavipanga mezani: hawa mabeki wa Nyota, huyu kipa, huyu peke yake huku mbali ndiye Kalonji. Wateja wengine wakasogea. Akaweka kifungo kidogo cheupe mbele ya Kalonji, akainua kidole, akawatazama wote mmoja baada ya mwingine mpaka duka likanyamaza kabisa, kisha akakipiga kwa ukucha. Kifungo kikaruka juu ya mabeki, kikampita kipa, kikaanguka mlangoni, na duka zima likapiga kelele.